Waya Juu ya Kamba ya Mama Tekla

"Toa waya wako kwenye kamba yangu ya nguo, Gwakisa. Sirudii."

"Nusu saa tu, mama," Gwakisa akajibu kutoka dirishani kwake. "Nina kazi ya watu."

Uani hapo Ilomba watu walishajaa. Muuza nyanya za Ilula alitua tenga lake, akakaza kilemba. Ndani ya kilemba, kidude cha mawasiliano sikioni. Chini ya nyanya, bastola ya Glock.

Jina lake Benedicta. Kazi yake haikuwa nyanya.

"Anataka nusu saa," alinong'ona.

"Hatuna," Amos, mkuu wake, akajibu kutoka Iringa. "Akiwasha upya, Masanja amekwisha."

Masanja, mfugaji wa Usangu, ndiye aliyewataja wasafirisha pembe za ndovu. Jina lake lilikuwa kwenye seva ya kitengo chao cha kupambana na ujangili, ndani ya programu iliyofungwa kwenye kontena lake, yaani chumba chake cha peke yake humo kwenye seva. Kila kinachotoka humo hupita kwa proksi, mlinzi wa mlangoni. Gwakisa, fundi wa kukodiwa aliyeihudumia seva akiwa nyumbani, aliandika anwani moja isiyopita kwa mlinzi: dishi la intaneti la nyumba tupu ya jirani. Waya ulielekea huko, ili jina liwafikie wasafirisha pembe.

Ila aliiandika kwenye seva, akasahau kuwa kontena lina mipangilio yake lenyewe. Asubuhi nzima programu ilibisha hodi kwa mlinzi, ikarudishwa mara kumi na moja. Ndipo Amos akashtuka.

Sasa Gwakisa alikuwa anarekebisha hilo; kontena likiwashwa upya, jina lingetoka.

Benedicta aliwapima watu. Wote walikuwa wanacheka ugomvi. Mwanamume mmoja mwenye koti jeusi hakucheka; huyo alikuwa wa wasafirisha pembe.

Kuvunja mlango? Fundi angewahi kubonyeza.

"Haya si ya balozi?" akapaza sauti, kama mchuuzi aliyenogewa. "Aitwe."

Umati ukaitikia. Balozi Aroni wa nyumba kumi akaja na kigoda chake, akawaamuru wagomvi wakae. Ukimgomea balozi, hata msiba wako watu wanaususa. Gwakisa akatoka nje, akatazama dirisha lake, akatazama majirani.

Akakaa. Mlango ukabaki wazi.

Benedicta akapenya na tenga lake.

Kompyuta ya Lenovo mezani. Faili la kontena wazi. Anwani ya dishi imeshaandikwa, bado kuwashwa tu.

Akaifuta. Akaacha ya proksi peke yake. Akawasha kontena upya.

Moja. Mbili. Tatu.

"Jina limerudi kwa mlinzi," Amos alisema sikioni. "Limekataliwa. Masanja salama."

"Dada wa nyanya, umepotea njia."

Koti jeusi, mlangoni. Mkono mfukoni.

Nyanya zilibiringika sakafuni. Glock mkononi mwake haikutikisika.

"Toa mkono taratibu, kaka. Twende nje, balozi anasubiri."

Land Cruiser mbili za kitengo zikaingia uani. Gwakisa alifungwa pingu akiwa bado amekaa, na balozi alilalamika kwamba kesi yake haijaisha. Mama Tekla alikata waya mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akaanika shuka.

Benedicta akaokota nyanya zake, akajitwika tenga, akashika njia bila kugeuka.

"We dada," Mama Tekla akamwita. "Unajifanya kuuza nyanya, na bei hujui. Nilikushtukia toka ulipoingia. Tua hilo tenga. Ndizi zimeiva, ingia ndani tule."