Koti la Mutsinzi

Saa kumi na moja na nusu jioni nilifika kwenye jumba dogo la makumbusho ya wapiganaji, Gahanga, nikiwa na kalamu na daftari la ukoo. Kibao chini ya koti la baba mdogo, Mutsinzi, kilisema alizaliwa 1966. Alizaliwa 1968. Nilikuja kusahihisha.

Mlinzi, Niyonzima, alicheka.

"Dada, yote haya kwa miaka miwili tu? Marehemu haombi kitambulisho! Haya, fanya haraka, tunafunga."

Akanipa ufunguo wa kabati la kioo, akaenda kufunga madirisha.

Koti lilikuwa letu. Kwa miaka thelathini baba yangu, Kagabo, alilitundika chumbani kwake Niboye, na kila mwaka alimwaga pombe ya mtama chini yake, kumtuliza mdogo wake. Mimi ndiye niliyemkataza. Tumeokoka, nilimwambia. Mwaka jana nikalileta koti huku.

Huku hakuna anayemwaga pombe.

Nilifungua kabati. Harufu ya mtama uliochacha... kisha ya damu.

Kibao kilisema: risasi ya adui, kifuani. Lakini kifua cha koti kilikuwa kizima.

Nikaligeuza.

Mgongoni kulikuwa na mpasuo mwembamba wa singe, kisu cha mdomo wa bunduki. Ulikuwa umelowa.

Mkono wa koti ukanikaba shingo.

Uso wangu ulipigizwa kwenye kioo. Mara moja. Mara mbili. Jino likavunjika. Kisha ncha ya chuma ikaingia kati ya mbavu zangu, polepole, kama inayotafuta njia.

"Andika," sauti ilinong'ona. "Nani alinichoma?"

"Sijui."

Ncha ikazama zaidi.

Nilijua. Nikiwa msichana, nyuma ya mlango, nilimsikia baba akisema na lile koti: Nisamehe, Mutsinzi. Ulitaka kutoroka jeshini. Wakubwa wangetuua sote wawili. Daftari langu lote ni la kweli, isipokuwa mstari wa kifo cha Mutsinzi.

"Baba ni mzee," nililia. "Mwache."

"Andika."

Chuma kikagusa mfupa, kikaanza kuukwangua.

Nikaandika. Kagabo. Herufi sita.

Mkono ukaniachia. Nilipiga simu vidole vikiteleza kwa damu.

"Baba, usifungue mlango!"

"Nimeshafungua, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya mshangao, karibu ya furaha. "Ni Mutsinzi. Hajazeeka hata kidogo..."

Kisha mlio, kama kitambaa kinachopasuliwa.

Mara tatu.

Niyonzima alinikuta juu ya vioo. Koti lilikuwa limekauka, limetulia. Katika kabati la pili, ambalo kufuli yake haikuguswa, singe ya zamani ilikuwa ikidondosha damu.

Polisi walimkuta baba sebuleni, amechomwa mgongoni. Waliuliza kwa nini sakafu inanuka pombe ya mtama. Nyumba ile haikuwa na pombe tangu mwaka jana.

Baada ya mazishi niliandika tarehe na mahali. Sababu ya kifo nikaiacha wazi.

Jana jioni nilikuwa naosha vyombo. Harufu ya mtama ikajaa jikoni. Nyuma yangu nikasikia kikohozi ninachokifahamu tangu utoto, na kitu baridi kikanigusa palepale kwenye kovu.

"Andika, mwanangu," baba alinong'ona. "Nani alinitaja?"