Fomu Aliyoijaza Baba

Wahenga walituambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ndugu zangu, mimi nawaambia: hata ukishavua, kama hujui kuogelea, vaa nguo zako urudi nyumbani.

Jioni ile kwa Mzee Zaidi, mtaani Ipagala, palikuwa shwari. Mkewe Tabu alikuwa anasonga ugali wa uwele, binti yao Hamida anaosha vyombo, na mzee anajaza fomu ya shule kwa kalamu ya ofisini. Hamida alikuwa amechaguliwa timu ya makasia, wasichana wanne watakaoshindana katika bwawa la Hombolo. Baba akafika kwenye swali: mwanafunzi anajua kuogelea? Akaandika Ndiyo.

"Baba, mimi sijui."

"Utajua. Hao wa ziwani walizaliwa wakijua?"

Nikuulize, msomaji: mtoto aliyekulia milima ya Kondoa kabla ya kuhamia Ipagala, huko ambako maji hukaa kwenye ndoo na madumu, angejifunzia wapi? Kwenye beseni?

Miezi mitatu Hamida alivuta kasia. Viganja vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikaota sugu. Yeye aliyekuwa akinong'ona darasani sasa ndiye aliyehesabu mapigo kwa sauti, na wenzake wakamfuata. Lakini kila alipoingia kwenye mashua alishika ukingo wake kwa mikono miwili. Siku moja aliteleza akatumbukia. Jaketi la kuokolea likamrudisha juu akikohoa. Bupe, aliyekaa nyuma yake, akamtania kwamba Warangi wa Kondoa hunywa bwawa badala ya chai. Hamida akacheka nao. Kesho yake alikaza vifungo vya jaketi mara mbili.

Wiki ya mashindano akamwambia baba tena. Akajibiwa kwamba ukoo mzima umeshatangaziwa, na wajomba wanakuja kwa gari la kukodi.

Jumamosi upepo ulivuma kwa hasira. Maji yalikuwa rangi ya udongo. Mwalimu Gaudence, kocha wao, akasema boti ya uokoaji ipo, hivyo majaketi yavuliwe, yanabana mikono. Bupe akavua. Hamida akashika kifungo chake, akatazama ukingoni: baba kasimama mbele ya wajomba, simu juu, anapiga picha.

Akakiacha kifungo kikiwa kimefungwa.

"Mwalimu, sijui kuogelea. Fomu ilidanganya."

Mwalimu aliivuta mashua nchi kavu kwa mikono yake. Mchezaji wa akiba hakuwapo, timu ikatolewa. Bupe alilia, akasema bora angeambiwa juzi. Hilo lilimchoma Hamida, na kwa Bupe aliomba radhi palepale.

Mbio zikaanza bila wao. Katikati ya bwawa, upepo ukaipindua mashua ya shule nyingine. Simu ya Mzee Zaidi ikashuka. Alihesabu vichwa juu ya maji: kimoja, viwili, vitatu. Cha nne kilichelewa. Kikaibuka, kinaogelea.

FUNZO

Mzazi, usimjazie mtoto fomu kwa kutafuta sifa zako mwenyewe. Atakayezama si wewe. Nawe mwanafunzi, misuli ni nusu ya mchezo. Nusu nyingine ni kukiri usichokijua, na kukiri mapema, kabla wenzako hawajavaa jezi.

Sasa Hamida anajifunza kuogelea kwenye maji ya kiunoni, Bupe akimshika kidevu. Kiti chake mashuani kinamngoja. Baba yake bado anadai aombwe radhi kwa kuaibishwa mbele ya ukoo.

"Shikamoo nakupa kila asubuhi, baba," alimjibu. "Radhi siombi."