Kahawia ya Uongo

Kila likizo Mdadisi alifuatana na shangazi yake, fundi wa maabara ya hospitali. Jina hilo alibandikwa na shangazi mwenyewe, aliyezoea kusema kwamba macho ya binti huyo yana miguu.

Asubuhi moja shangazi alipanga vioo ndani ya sanduku bapa. Kila kioo kilibeba kipande cha nyama ya shingo ya kizazi, chembamba kuliko ganda la kitunguu. Alieleza kwamba seli zinazoelekea kwenye saratani hujaa protini fulani isiyoonekana. Dawa aliyoidondosha juu ya vioo huinasa protini hiyo, kisha rangi ya kahawia hujitokeza palipo na hatari. Penye uzima hubaki buluu. Akaonya kwamba dawa haipaswi kukauka, hivyo kifuniko kisiguswe. Kisha akatoka.

Mdadisi alitaka kuiona protini ikinaswa. Akafunua. Aliona matone tu, akaendelea kukodoa macho huku feni ikipuliza, hata tone la kioo cha pembeni likanywea. Aliposikia hatua za shangazi, akafunika upesi.

Alasiri daktari aliinamia hadubini, akaguna. Kwenye kioo cha pembeni kahawia ilikuwa imetanda kote. Alimwambia shangazi kwa masikitiko kwamba huenda mgonjwa mwenye nyama hiyo akalazimika kuondolewa kizazi.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa akingoja majibu kwenye benchi la ukumbini. Ni yeye aliyekuwa amemtania Mdadisi asubuhi hiyo, akimwita daktari asiye na koti. Binti akamgeukia shangazi.

"Shangazi, nilifunua sanduku. Kioo cha pembeni kilikauka."

"Nilikuambia nini?"

"Nisiguse."

"Na ukagusa."

Daktari alikiinua kioo kwenye mwanga. Dawa ikikauka, alisema, hung'ang'ania hata pasipo na protini, na rangi yake haiaminiki. Mama yule akaombwa arudi kesho. Shangazi akakata kipande kipya cha nyama ileile iliyohifadhiwa katika nta, akaanza kazi upya.

Kesho yake daktari alimwita Mdadisi kwenye hadubini. Binti akachungulia. Chini yake ulitanda ulimwengu wa buluu, seli kwa maelfu zimeshikamana, kila moja na kiini chake, wala hapakuwa na doa la kahawia. Kwenye kioo cha pili, chenye nyama iliyojulikana kuwa na ugonjwa, kahawia iliwaka, ishara kwamba dawa ilifanya kazi. Mama yule alikuwa salama.

"Vyote hivi vimo ndani ya mtu?" alinong'ona.

"Vimo, na havisemi uongo. Uongo tunauleta sisi," daktari alijibu. "Adhabu atakayokupa shangazi yako utaitumikia, maana hukutii. Lakini shika hili: husemwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Humu maabarani, anayeficha kosa, kifo humfuata mtu mwingine."