Mpunga Ungoje

Ukipita Igawa mwezi wa saba, barabara kuu yote inanukia pumba. Mashine za kukoboa zinalia toka asubuhi. Mpunga umeanikwa kwenye maturubai, na kuku wanafukuzwa kutwa.

Hapo ndipo lilipo ghala la Habibu. Yeye hauzi wakati wa mavuno. Anashona magunia, anafunga mlango, anasubiri bei ipande. Wenzake wakiuza, anawacheka.

"Mwenye papara hula makapi," husema.

Mkewe, Shufaa, hupepeta mchele pale nje. Siku moja akiwa anaoga aligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Kidogo tu, kama njugu mawe. Hakikuuma. Alikwenda hospitali Mbeya, wakachukua kinyama kidogo wakakipima. Majibu yakaja: saratani, lakini bado haijasambaa. Akapewa tarehe ya upasuaji, wiki mbili mbele.

Jioni ile binti yao Hanifa, anayeishi Ilomba mjini Mbeya, akatuma video kwenye simu. Habibu aliitazama mara tatu.

"Mama Hanifa, njoo uone! Wanachukua chembe za damu ya mgonjwa, wanazifundisha kupigana na saratani, wanamrudishia. Hakuna kisu!"

"Wapi huko?"

"Ng'ambo. Huku nako zitafika. Kwa nini ukatwe leo, wakati mwakani kinakuja kitu bora? Tusubiri."

Shufaa alikiogopa kisu. Akakubali. Tarehe ikapita.

Wiki iliyofuata jirani yao Sekela alileta mpunga wake kukoboa kwenye mashine iliyo pembeni mwa ghala. Sekela ni muuguzi wa zahanati. Alipomwona Shufaa na ungo mkononi, alishtuka.

"Mama Hanifa! Si ulikuwa upasuliwe juma lililopita?"

"Muulize mwenye ghala," Shufaa alisema. "Anasubiri bei."

Sekela hakucheka. Habibu alipomweleza habari ya video, aliomba simu, akaitazama mpaka mwisho.

"Hii si uongo," alisema.

"Umeona!" Habibu akadakia.

"Ngoja, baba Hanifa. Mpunga pori unaujua?"

"Nani asiyeujua hapa? Unafanana na mpunga mpaka uchanue."

"Ukimpa kibarua mgeni apalilie?"

"Atauacha. Au atang'oa na mpunga wangu."

"Basi. Mwili nao una chembe za ulinzi, ndizo vibarua wake. Saratani inajificha kama mpunga pori. Wataalamu wanazitoa chembe hizo kwa mgonjwa mwenyewe. Wanazibadilisha maabara zitambue alama ya saratani. Wanazizalisha ziwe nyingi, kisha wanamrudishia. Kwa baadhi ya saratani za damu, zimesaidia watu wengi."

"Sasa?"

"Sasa uvimbe ni shamba gumu. Chembe zinashindwa kupenya. Zikipenya, zinachoka. Na baadhi ya alama zile zipo hata kwenye nyama isiyo na ugonjwa, kwa hiyo chembe zinaweza kumdhuru mgonjwa. Kwa saratani ya titi bado wanajaribu. Tena wengi wanaoingia kwenye majaribio ni wale ambao dawa za kawaida zimewashinda."

"Lakini iko siku zitafaa."

"Naomba iwe hivyo. Ila, baba, mpunga ukiwa ghalani haukui. Uvimbe unakua. Huu wa mama Hanifa una tiba leo, hapo Mbeya."

 Mpita njia mmoja alimuuliza Habibu bei ya debe, hakusikia.

"Mama Hanifa," alisema taratibu, "kile kitu kimekua?"

"Sijui. Naogopa kukigusa."

"Nilidhani nakuokoa na kisu."

"Najua." Shufaa aliweka ungo chini. "Lakini titi ni langu, na woga ni wangu. Kesho nakwenda."

"Tunakwenda wote."

Uvimbe ulikuwa umeongezeka kidogo. Daktari alisema wazi kwamba wangechelewa zaidi, kazi ingekuwa nyingine. Shufaa alipasuliwa. Kisha zikafuata dawa za saratani za kudungwa mshipani, miezi mingi. Alitapika. Nywele zikapukutika zote. Habibu alijifunza kupika uji, ukawa na mabonge, Shufaa akaunywa huku akimsema. Dawa zilipokwisha, vipimo havikuonyesha saratani. Akaambiwa asikose kliniki hata moja, maana saratani inaweza kurudi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata bei ya mpunga ikapanda. Asubuhi moja lori la wanunuzi lilisimama mbele ya ghala. Habibu alikuwa anafunga kufuli.

"Mzee, vipi? Leo bei iko juu, kesho hatujui!"

"Mpunga ungoje. Leo ni kliniki."

"Wewe huyu huyu unayesubiri bei?"

Habibu alianza kueleza habari ya mpunga pori, na vibarua, na uvimbe. Wanunuzi wakazima injini wasikilize. Shufaa alikuwa ameshafika barabarani, mtandio kichwani, kadi ya hospitali mkononi.

"Baba Hanifa!" aliita. "Basi halisubiri bei!"