Kadi ya Wiki Moja

"Ya wageni au ya wakazi?"

Muuza tiketi aliuliza kwa mara ya pili, akiwa amenyanyua kadi mbili nyuma ya kioo, moja ya kijani na nyingine nyeupe. Mwanamke aliyesimama mbele yake alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye ndege, begi kubwa katikati ya miguu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kwao alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule na magauni ya harusi, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Hapa hakuna aliyemjua.

"Tofauti yake nini?" aliuliza, kwa ile lugha ya kigeni aliyoijua nusunusu.

"Ya wageni unalipa mara moja, unapanda treni na mabasi yote unavyotaka kwa wiki moja. Wiki ikiisha imekufa, haiongezwi kitu. Ya wakazi unaweka salio, likiisha unaongeza, unakaa nayo hata miaka. Wewe unakaa muda gani?"

Fundi alikuwa na viza ya miezi mitatu. Duka alikuwa amelifunga, cherehani amezifunika mashuka, na mama mkwe wake amemuaga kwa dua na machozi. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Lakini alitaka kulisikia kwa mumewe kwanza, akapiga simu.

"Umefika?" sauti ya mume ilikuwa ya chini, kama mtu aliyejificha.

"Nimefika. Niko hapa dirishani, wananiuliza kadi. Kuna ya wageni ya wiki moja, kuna ya wakazi. Nichukue ipi?"

Kimya.

"Mpishi, unanisikia?"

Ndivyo alivyomwita tangu uchumba. Mume alikuwa mpishi, na aliondoka nyumbani miaka mitatu iliyopita kwenda kupika katika hoteli kubwa ya mji huu.

"Nakusikia. Chukua ya wageni."

"Si itaisha kabla hata sijaujua mji?"

"Wiki inatosha, Fundi."

"Inatosha nini? Nimekuja miezi mitatu."

"Najua. Kuna watu nyuma yako kwenye foleni, usiwacheleweshe. Tutaongea."

Simu ikakatika. Fundi aliitazama ile kadi nyeupe kama mtu anayetazama kitambaa kizuri asichokimudu, kisha akanyoosha kidole kwenye ya kijani.

Mumewe alimpokea katika stesheni ya karibu na anapoishi. Alikuwa amekonda mpaka shingo inaelea ndani ya kola. Walikumbatiana kidogo, haraka, kama watu wanaopishana mlangoni. Akabeba begi, akatangulia.

Chumba kilikuwa juu ghorofani, kitanda kimoja, kiti kimoja, dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

"Ndiyo hapa," alisema, bila kumtazama.

"Pazuri," Fundi alijibu, kwa kuwa alishindwa kupata neno lingine.

Kesho yake asubuhi mume alivaa shati jeupe la kipishi, akalifunga vifungo mpaka juu.

"Hukuomba hata siku moja ya mapumziko?"

"Kuna wageni wengi hotelini. Wewe una kadi, tembea. Panda chochote, inakubali."

Fundi akatembea. Alipanda treni mpaka mwisho wa njia, akashuka, akasimama kidogo, akapanda inayorudi. Aliona mto, aliona maduka marefu kama milima, aliona bustani iliyojaa watu wawiliwawili. Mara aligeuka pembeni amwambie mtu, "Ona yule mbwa kavalishwa sweta," na pembeni palikuwa na bibi wa watu anasoma gazeti. Kucheka peke yako ugenini ni kazi. Akaacha kucheka.

Mama mkwe akapiga.

"Haya nieleze mwanangu. Kijana wangu yukoje?"

"Mzima, Mama. Anakusalimu."

"Amenenepa? Mpishi asiyenenepa ana jambo."

"Yuko vilevile."

"Na anakutembeza?"

Fundi alitazama viti vitupu vya treni. "Ananitembeza sana, Mama."

Jioni mume akirudi walikula pamoja. Akiulizwa kazi ilikuwaje, alisema nzuri. Akiulizwa bosi wake ni mtu wa namna gani, alisema wa kawaida. Akishikwa mkono, mkono ulikaa tu pale, kama glavu iliyosahaulika.

Mke wa mpishi analijua jiko hata gizani. Zamani mumewe akirudi kazini alinuka vitunguu na mafuta ya kukaangia, na Fundi alikuwa akimfukuzia bafuni kwanza. Sasa alikuja ananuka baridi tu. Fundi akaliokota lile shati jeupe kitini, akalikagua kwa jicho la mtu wa nguo. Mikono haikuwa na doa wala unyevu. Mkunjo wa pasi ulikuwa bado umesimama. Shati lile lilikuwa limekaa tu mahali kutwa nzima.

"Ni nani?" aliuliza.

"Nani nani?"

"Huyo unayeshinda kwake."

Mume aligeukia ukutani. "Nimechoka, Fundi. Tulale."

"Ndiyo maana ukataka wiki moja? Huyo mwanamke amekupa ruhusa ya wiki?"

Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda, akaliona tatizo moja ambalo hakulifikiria: nyumbani ukigombana na mume, unakwenda kwa mama, kwa shoga, hata dukani kwako. Hapa pa kwenda palikuwa kitandani kwa yuleyule mume.

Asubuhi, mume alipokwisha kuondoka, Fundi alivaa gauni lake zuri, akapanda treni mpaka hotelini. Alijiandaa kwa lolote. Alikuwa hata na maneno ya kumwambia huyo mwanamke, ameyapanga vizuri kama vifungo.

Mlinzi wa mlangoni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jikoni? Dada, hapa hakuna jiko tena. Wenye hoteli wapya walifunga mkahawa kabla ya baridi ya mwaka jana. Wapishi wote waliondoka."

"Mume wangu anafanya kazi hapa. Mrefu, ana kovu la moto mkononi."

Uso wa mlinzi ukabadilika. "Namjua. Mtu mzuri sana yule. Aliwahi kuja mara kadhaa kuuliza kazi. Siku hizi haji."

Fundi alitoka nje, akaandika ujumbe: "Uko wapi?"

Jibu likaja: "Kazini. Leo jikoni hapashikiki. Tutaonana jioni."

Alilisoma akiwa anateremka ngazi za stesheni. Akapanda treni ya kurudi chumbani, ile inayozunguka mji mzima bila kuwa na mwisho. Behewa la kwanza lilijaa, akapita la pili, akapita la tatu. Na hapo, kwenye kiti cha dirishani, alimwona mpishi wake. Shati jeupe limefungwa mpaka juu, kichwa kimeegemea kioo, simu mkononi, amelala.

Fundi alikaa kando yake. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa ya mtu mwingine. Treni ikasimama, watu wakashuka, wakapanda, ikaondoka. Alikaa akimsikiliza anavyopumua, mpaka mume alipofumbua macho na kumwona.

Hakushtuka. Alishusha mabega tu, kama aliyetuliwa mzigo.

"Umejuaje?"

"Nimetoka hotelini."

"Aah."

"Hakuna mwanamke?"

"Mwanamke gani, Fundi? Sina hata mtu wa kumsalimia."

"Kwa hiyo kutwa nzima unakaa humu?"

"Humu kuna joto. Na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Asubuhi nazunguka maduka na mikahawa kuomba kazi, nikishakataliwa vya kutosha napanda. Usiku mwingine naosha vyombo mahali, wakinihitaji."

"Na mimi unaniambia chukua kadi ya wageni."

Mume alitazama nje. "Wiki moja ningeweza kuvaa hili shati kila asubuhi. Miezi mitatu nisingeweza. Ungenijua."

"Nimekuwa nikizunguka na hizihizi treni, Mpishi. Peke yangu. Pengine tulikuwa kwenye treni moja, wewe mbele mimi nyuma."

"Siku ya pili nilikuona," alisema polepole. "Ulikuwa umesimama stesheni, unasoma ramani umeigeuza juu chini. Nilitaka kucheka. Nilitaka nije nikushike mkono."

"Ukafanya nini?"

"Nikainama."

Hapo ndipo Fundi alipolia, na si kwa ule uongo. Alilia kwa ile picha ya mumewe anainama ili mkewe asimwone.

"Twende nyumbani," alisema, akijifuta.

"Nirudi na sura gani?"

"Hiyohiyo. Mimi nimepanda ndege kuifuata."

Treni ilizunguka tena mji mzima kabla hawajashuka. Walipofika chumbani Fundi alipiga simu, akaiweka sikioni mwa mumewe kabla hajapata nafasi ya kukataa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Sauti imekuwaje?"

"Mama, sina kazi. Muda mrefu sasa. Niliwadanganya."

Mama alikohoa kidogo.

"Nilijua, mwanangu. Mpishi mwenye kazi hapigi simu wakati wa kupika akamuuliza mama yake amekula nini. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Njoo zako."

Walirudi pamoja. Mtaani watu walinong'ona siku mbili tatu, wakachoka. Mama alimpikia mpishi mpaka shingo ikajaa tena. Kazi aliipata baadaye, jikoni kwenye shule ya bweni, kukoroga masufuria makubwa kuliko yeye.

Lakini ile miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Alikuwa akikaa kwenye benchi nyuma ya duka la mkewe, hasemi, anatazama njia. Wateja walimpita wakimdhania mgeni. Fundi hakumsukuma. Alishona tu, cherehani ikiunguruma, mlango wa nyuma ameuacha wazi.

"Fundi," sauti iliita mchana mmoja kutoka nje.

"Abee."

Akasimamisha cherehani, akachungulia.

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Nilitaka tu kuita, mtu aitike."

Fundi alirudi kitini kwake. Alikanyaga cherehani taratibu kuliko mwanzo, ili akiita tena amsikie.

"Fundi."

"Abee, mume wangu. Nipo."