Taa Isiyowaka

Siku ya kwanza ya mgomo, ukumbi wa stesheni ulifurika abiria waliokosa pa kwenda. Karani wa Wizara ya Kazi, kavaa sketi ya buluu, jalada kwapani, alimuuliza dereva wa treni aliyesimama mlangoni safari zitaanza lini.

"Serikali ikituketisha mezani, dada."

"Meza naipanga mimi," karani akajibu. Dereva akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Dereva huyo alikuwa mjumbe wa chama cha wafanyakazi kwenye mazungumzo. Wiki tatu msuluhishi wa serikali aliwaweka wakubwa wa reli chumba hiki, chama chumba kile, na karani akawa anabeba karatasi katikati, mdomo kaufunga kwa kiapo cha kutunza siri. Jioni walipigiana simu. Walizungumza utoto wao, mama zao, viatu vinavyobana, mgomo hawakuugusa. Mapenzi yakakolea hivyo hivyo.

Siku ya pendekezo la mwisho la wakubwa wa reli, dereva alimvizia koridoni. Wenzake walikuwa tayari kusaini.

"Mpenzi, niambie tu. Tukubali?"

Karani akainamisha uso, akapita.

Dereva akarudi chumbani, akawashawishi wenzake wakatae. Mazungumzo yakavunjika. Wakubwa wa reli, waliowaona koridoni, wakadai karani kavujisha siri, na kabla ya mchana akasimamishwa kazi.

"Sikukuambia kitu," alilia kwenye simu.

"Ndiyo maana nilikataa. Sisi madereva, taa isiyowaka tunaihesabu nyekundu. Tunasimama."

"Mimi si taa," akasema, akakata simu.

Siku nne hakumpokelea simu. Kiapo alikitunza, kazi ikamponyoka, na aliyemponza ni yule yule anayempenda. Iliuma mno.

Siku ya tano msuluhishi akamwita arudi kazini. Alimweleza kwamba dereva alisimama mbele ya pande zote mbili, akakiri: aliuliza, hakujibiwa, kosa ni lake peke yake. Chama kikamvua ujumbe. Mazungumzo yakaendelea bila yeye, na Ijumaa mkataba ukasainiwa.

Asubuhi ya treni ya kwanza karani alimkuta dereva kando ya injini, kofia mkononi. Wenzake walipita bila kumsalimu.

"Nisamehe," dereva akasema. "Nina swali moja. Safari hii ukinyamaza, nitajua tu kwamba umenyamaza."

"Uliza."

"Tuoane?"

Karani alimtazama usoni.

"Ndiyo," akasema, kwa sauti iliyofika hadi behewa la pili. Treni ikaondoka imechelewa dakika nne.