Chumba Kinacholiza Watu

Wenzake kazini walimwita Taratibu, na jina likamkaa. Alitembea polepole, alisema polepole, hata chai aliinywa kama mtu anayesubiri ipoe yenyewe. Lakini kazi yake ilitaka mtu wa namna hiyo. Alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti pale chuo kikuu, chumba ambacho wanafunzi wa udaktari hujifunzia mwili wa binadamu.

Maiti zile zilihifadhiwa ndani ya matangi yenye dawa iitwayo fomalini, ili zisioze. Asubuhi Taratibu alizitoa akazilaza mezani na kuzifunika shuka. Jioni alizirudisha. Hakuwahi kumburuza marehemu hata siku moja. "Pole, mzee," alimwambia mmoja. "Samahani, mama," alimwambia mwingine. Hawakumjibu, na jamani, ni heri hawakumjibu.

Watu walikiogopa chumba kile, na si kwa sababu ya maiti tu. Kila aliyeingia alilia. Wanafunzi wapya walifika mlangoni wakicheka na kusukumana. Wakishavuka kizingiti tu, machozi yanawatiririka. Mlinzi wa chuo, pande la mtu, aliingia siku moja kuuliza funguo akatoka anajifuta macho kwa mkono wa shati. Karani wa ofisi ya mkuu wa idara alipeleka barua mara moja, akaapa kwamba hatatia mguu mle tena.

"Hawa hawakuliliwa vya kutosha walipokufa," alisema Mjomba, mhudumu mwenzake Taratibu. Mjomba alikuwa mkubwa wake kwa umri na kwa kazi. "Sasa wanadai machozi yao."

"Mbona sisi hatulii, Mjomba?"

"Sisi wametuzoea."

Kulikuwa na feni kubwa ukutani, ya kuvuta hewa ya chumba na kuitoa nje. Ikiwashwa, ilianza kwa kukoroma. Kisha sauti ilipanda, ikapanda, mpaka ikawa kilio cha mama aliyepigiwa simu ya msiba. Mjomba yalimshinda. Siku moja aliizima akabandika karatasi juu ya swichi: USIWASHE. Tangu hapo chumba kikawa kimya, na Taratibu alikipenda kimya kile. Aliona ndiyo heshima yenyewe.

Nyumbani Taratibu alikuwa na vyumba viwili, mke, na binti wa miaka minne aliyeitwa Chiriku. Alistahili jina hilo. Alipoamka mdomo wake uliamka naye, na haukufungwa mpaka usingizi umchukue. Zamani, baba yake alipobisha hodi, Chiriku alikuwa wa kwanza kumrukia shingoni.

Siku hizi hakumrukia. Alikuwa na kikohozi kisichoisha. Dawa za duka la jirani zilikuwa zimempitia zote, na kifua chake kilipiga mluzi mwembamba kila alipovuta pumzi.

Jioni moja Taratibu aliingia, akafunga mlango, akavua koti lake jeupe la kazini na kulitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kama kawaida yake. Koti lilikuwa moja tu. Alilirudisha nyumbani kila siku, na mkewe alilifua kila mwisho wa wiki.

Chiriku alijificha nyuma ya gauni la mama yake.

"Njoo, mwanangu. Leo hunisalimii?"

"Baba, mwambie mwenzako atoke."

"Mwenzangu yupi?"

"Huyo unayekuja naye kila siku. Ananichoma macho."

Taratibu akageuka. Hapakuwa na mtu. "Wacha utani, Chiriku. Yuko wapi?"

Mtoto akanyoosha kidole. "Amesimama pale, nyuma ya mlango."

Koti jeupe lilikuwa linaning'inia, mikono imelegea, mabega yametuna kwa sababu ya msumari. Lilikuwa bado linacheza kidogo. Taratibu alijua kwamba amelitundika sasa hivi, ndiyo maana linacheza. Alijua, lakini nywele zilimsimama.

Mkewe naye alikuwa amelikodolea macho. "Baba Chiriku, kuna jambo nimekuficha. Nikilifua hilo koti, nalia. Nalia kweli, bila msiba wowote. Nilidhani utaniona nimerukwa na akili."

Habari kama hizo hazikai ndani. Siku mbili hazikupita, mama mkwe akafika na mkoba wake. Hakuomba hata maji.

"Mkwe wangu, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini unawaleta maiti nyumbani. Wamekufuata. Mjukuu wangu Jumamosi naondoka naye. Siku utakayoacha kazi hiyo, nitamrudisha."

Taratibu alipiga hesabu. Aache kazi? Angewalisha nini? Akae na kazi? Chiriku angekulia mbali, kwa bibi yake, akimkumbuka baba kama mtu wa kutisha. Alimtazama binti yake aliyelala huku kifua kikipiga mluzi, akamvutia shuka mpaka mabegani.

Ijumaa wafanyakazi wote wa chuo waliitwa kwenye mafunzo ya usalama na afya kazini. Waliitwa walimu, makarani, wapishi, walinzi na wahudumu. Mjomba aliguna.

"Usalama wa nini? Wale wateja wetu hawapigani."

Alikwenda shingo upande, akakaa mstari wa nyuma. Taratibu akakaa karibu naye. Kichwani mwake alikuwa na neno moja tu, nalo ni kesho.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa ofisa usalama wa chuo, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika mpaka uani. Alizungumza juu ya nyaya zilizochubuka, sakafu zenye maji, na milango ya dharura iliyozibwa na makabati. Kisha akawatazama.

"Sasa nanyi niambieni. Hapa kazini mnaogopa nini?"

"Mkuu wa idara!" mtu akadakia, watu wakaangua kicheko.

Karani akanyanyuka. "Mimi naogopa chumba cha maiti. Kile chumba kinaliza watu, dada. Nacheka naingia, nalia natoka."

Watu wakacheka tena. Ofisa usalama hakucheka. "Nani anafanya kazi mle?"

Taratibu akasimama, polepole.

"Kaka, chumba chenu kina harufu?"

"Hakina, dada. Zamani kilikuwa nayo kali. Siku hizi imeisha."

Karani alimtazama kwa mshangao. "Imeisha? Ile harufu niliisikia nikiwa bado kwenye ngazi!"

"Harufu haijaisha, kaka," ofisa alisema kwa upole. "Pua yako ndiyo imezoea. Fomalini hutoa mvuke. Huuoni. Unachoma macho, pua na koo. Mtu akiuvuta kwa miaka mingi unaweza hata kumletea saratani. Mgeni hulia mara moja, kwa sababu mwili wake unamwambia atoke. Wako umechoka kukwambia."

Ndipo Taratibu akaelewa. Aliyekuwa akiwaliza watu siku zote hizo hakuwa marehemu.

"Kuna feni ya kutoa hewa mle. Inafanya kazi?"

Taratibu akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama viatu vyake. Halafu, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, Mjomba akasema, "Tumeizima. Inalia."

"Inalia vipi?"

"Kama mtu."

Hapo hakuna aliyecheka. "Beringi zimekauka," alisema ofisa. "Chuma kinasaga chuma. Ilikuwa inaomba kutengenezwa, nanyi mkaifunga mdomo. Sikulaumu, mzee. Kosa ni letu pia, hatukuja kuwauliza. Lakini mngetuambia, fundi angekuja." Kisha akamgeukia Taratibu. "Na hilo koti ulilovaa, kaka. Linafuliwa wapi?"

Taratibu alilitazama koti lake.

"Nyumbani."

"Nyumbani yuko nani?"

"Yuko mtoto," alisema. "Ana kifua."

"Fomalini hushika kwenye nguo. Unaipeleka nyumbani bila kujua, na kifua cha mtoto ni chepesi kudhurika. Livue sasa hivi. Likae hapa, lifuliwe hapa. Oga, badilisha nguo, ndipo uende. Na mtoto apelekwe hospitali, umweleze daktari kazi yako. Usimfiche."

Siku ile watu wa chuo waliona kitu ambacho hawakuwahi kukiona. Taratibu alikimbia. Aliacha koti, akaoga kwenye bafu la wafanyakazi, akaazima shati la mlinzi lililomfika magotini, akatoka getini mbio.

Alimkuta mama mkwe amekwisha funga mzigo. Nguo ndogo za Chiriku zilikuwa ndani ya mkoba, na viatu vyake juu.

"Mama, subiri. Si maiti," alisema huku anahema.

"Ni nani basi?"

"Ni mimi."

Akawaeleza yote, juu ya mvuke, feni na koti. Alipofika kwenye koti alilia, machozi ya kwanza kwa miezi mingi, na haya hayakuwa ya fomalini. "Nimemwekea mwanangu sumu nyuma ya mlango kwa mkono wangu mwenyewe."

Mkewe akamshika bega. "Hukujua, Baba Chiriku. Na mimi niliyekuwa nalia kimya kimya kwenye beseni? Tungeulizana mapema."

Mama mkwe alikaa juu ya mzigo wake, akafikiri. "Wiki moja," alisema. "Nabaki hapa nione kwa macho yangu. Nikisikia bado kifua kinapiga mluzi, naondoka na mtoto. Na hilo shati umelitoa wapi, mkwe? Unaonekana kama umevaa pazia."

Siku hiyohiyo walimpeleka Chiriku hospitali. Taratibu alimweleza daktari kila kitu, naye akampa mtoto dawa ya kifua. Nyumbani walifungua madirisha, wakafua shuka na mapazia, wakang'oa hata ule msumari.

Chuoni nako kazi ilianza. Chumba kilifungwa kwanza. Fundi alibadilisha beringi za feni. Matangi yakapata vifuniko vya kubana. Wahudumu walipewa glavu ndefu, miwani ya kukinga macho, na barakoa zenye kichujio cha mvuke wa dawa.

"Barakoa za kitambaa hazitoshi?" Mjomba aliuliza.

"Kitambaa huzuia vumbi, mzee. Mvuke hupita humohumo," ofisa alimjibu. "Feni iwashwe kabla hamjaingia. Tangi likishafunguliwa, lifunikwe mara moja. Dawa ikiruka machoni, usiyasugue. Yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, dakika kumi na tano, kisha hospitali. Na kitu chochote kikilia, kikivuja au kikinuka, semeni. Anayesema hajamchongea mtu."

Mjomba alibandua karatasi yake ukutani kwa mkono wake, akaikunjakunja. Siku nzima hakutania mtu.

Mluzi wa kifua cha Chiriku haukuondoka kwa siku moja. Ulipungua. Siku ya nne mtoto alilala bila kukohoa, na mama yake akaamka mara tatu kumsikiliza kama anapumua. Wiki ilipoisha, mama mkwe alifungua mkoba, akarudisha nguo ndogo kabatini. Viatu alivipanga mlangoni.

Miezi ilipita. Wanafunzi wapya walifika mlangoni wakicheka na kusukumana kama wenzao wa zamani. Wakavuka kizingiti. Wakanyamaza kwa heshima, wakazitazama shuka nyeupe, na hakuna aliyetokwa na machozi.

Asubuhi moja Taratibu alifika kazini, akabonyeza swichi ya feni, ambayo sasa ilihamishiwa nje ya mlango, akashika kitasa, akasita. Ndani palikuwa kimya, kimya kilekile alichokipenda zamani. Vinyweleo vilimsisimka mikononi. Aliachia kitasa, akarudi nyuma.

"Vipi?" Mjomba aliuliza.

"Feni haisikiki."

Mjomba naye akarudi nyuma haraka. Walimpigia fundi simu, wakasubiri nje, wawili hao waliokaa na maiti miaka yote bila kutetemeka. Fundi alirekebisha waya uliochomoka. Feni ikakoroma, ikapanda, ikatulia kwenye mngurumo wake mzito. Ndipo wakavaa vifaa vyao wakaingia.

Jioni hiyo Taratibu alioga, akavaa shati lake mwenyewe, akaenda nyumbani. Alibisha hodi. Mlango ulifunguka, na Chiriku akachungulia kwanza nyuma ya baba yake, kulia na kushoto.

"Umekuja na nani, baba?"

"Peke yangu."

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akanusa shati, akanusa shingo. Kifua hakikupiga mluzi.

"Kweli," akasema, akamrukia.